Barua kwa Mwanangu Mtunza Stoo

Morogoro, 2 Mei

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto huuma kila mvua inapokaribia.

Wasifu wa kuombea kazi mpya ulionitumia nimeusoma mara mbili. Shahada ya uhasibu imo, mafunzo ya kompyuta yamo, lakini miezi 14 uliyofanya kazi katika stoo ya vifaa vya ujenzi pale Buguruni haimo kabisa. Nadhani umeona haya kuiandika.

Ulipokuja wakati wa Idi ulinieleza kwamba saruji hupangwa juu ya vichanja vya mbao isinyonye unyevu wa sakafu, kwamba mifuko iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka, na kwamba jioni huondoki mpaka leja ilingane na nondo ulizozihesabu kwa mkono. Siku ile ilipopungua mifuko sita na kila mtu akamtazama kuli, wewe ulirudi kwenye karatasi ukagundua kwamba mzigo ulisainiwa kabla lori halijashushwa lote. Huo ni uhasibu, mwanangu; tofauti yake na ule wa chuoni ni vumbi tu. Uandike, pamoja na habari ya mifuko sita.

Jana, Mei Mosi, nilikwenda kutazama maandamano. Walipita walimu, wauguzi na watu wa reli, kila kundi na bango lake. Niliwatafuta akina mama waliokuwa wakitupikia uji zamu ya usiku kiwandani, ambao bila wao tungesinzia juu ya mashine, nikakumbuka kwamba hawakuwahi kupewa bango.

Jambo la pili ni mkataba. Utakapoitwa kazini, hata kama utakuwa umechoka kusubiri, usisaini ukiwa umesimama mlangoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, saa zako na mshahara wako; na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, zinazozidi hapo zikalipwa mara moja na nusu.

Ninayasema haya kwa uchungu, na mama yako anaujua. Nilifanya kazi kiwandani miaka 17, yaani miezi 204, na kila mwezi hati yangu ya mshahara ilionyesha makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilipofuatilia mafao nilikuta imeingizwa michango ya miezi 166 tu, wakati pensheni ya kila mwezi inataka isiyopungua 180. Mwajiri alikuwa amekata bila kupeleka, na kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Nikalipwa kwa mkupuo, fedha zikaishia kwenye bati za nyumba hii. Kosa langu lilikuwa kutouliza hata mara moja katika miaka yote hiyo, kwa kuwa nilidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Wewe angalia michango yako kila baada ya miezi michache. Siku hizi hata kwa simu inawezekana. Anza na mwajiri uliye naye sasa, tena wiki hii.

Nitumie wasifu mpya kabla ya Ijumaa. Mama yako amempa kondakta wa basi la asubuhi kilo kumi za mchele. Ukaupokee Jumamosi, na kuli yule umpelekee kilo mbili.

Ni mimi baba yako.