Kabla Hujaiamini Stempu

Mwanangu,

Mbukwa. Picha za vitabu vya zamani ulivyonunua Kongwa zimenifikia, pamoja na swali lako la vilikuwa vya nani na lini. Usivifute kwanza, hata vumbi la Dodoma liwe limejaa kiasi gani. Kitambaa chenye maji kikigusa wino wa zamani, jina unalolitafuta linaondoka na uchafu.

Stempu, yaani muhuri uliogongwa kitabuni, inasema kitabu kilipita mahali fulani, basi. Haisemi lini. Ofisi haitupi muhuri wake kwa sababu nchi imebadili jina, kwa hiyo ule wa "Tanganyika Territory" unaweza kuwa uligongwa hata baada ya Desemba 1961. Anzia kwenye mwaka wa kuchapwa, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, na usome mwaka wa mwisho ulioandikwa pale, si wa kwanza. Biblia ya Union, kwa mfano, ilitoka 1952 ikachapwa tena na tena, na nakala yako haiwezi kuwa na mwenyewe aliyeishika kabla nayo haijachapwa.

Bei ya penseli kwenye kona nayo inasaidia. Rupia ni za wakati wa Mjerumani au miaka ya mwanzo ya Mwingereza, na heller, sarafu ndogo za Mjerumani, zilianza 1904. Ukiona "Sh. 3/50" ujue ni 1921 au baadaye, lakini hapo haikwambii kama ni shilingi ya Afrika Mashariki au hii yetu iliyoanza 1966.

Sasa majina yaliyofutwa. Zima taa usiku, laza tochi ya simu sambamba na karatasi, mwanga upite juu yake kwa ubavu. Penseli ikifutwa huacha mfereji, na kivuli kitauonyesha. Zungusha tochi pande zote nne, maana mstari usioonekana kutoka kushoto huonekana kutoka juu. Wino wa kale uliofifia rangi ya chai, ule wenye chuma, ujaribu kwa ile taa ya kukagulia noti: maandishi huonekana meusi kwenye karatasi inayong'aa. Usikawie, mwanga ule unadhuru karatasi. Na usipake penseli juu ya mfereji wala kumwagia dawa yoyote.

Kitabu chako kile kilichokatwa juu ya ukurasa wa kwanza ndicho kinachonivutia zaidi. Mtu aliondoa jina kwa mkasi, lakini wino ukikaa miaka mingi umebanwa huacha alama kwenye ukurasa unaoutazama, herufi zikiwa kinyume. Ipige picha, kisha igeuze kwenye simu kama kwenye kioo. Ukikosa, pekua kurasa za katikati, kwani shule na maktaba nyingi hugonga stempu ya pili ndani, kwenye ukurasa mmoja waliouchagua wao, na mwizi huisahau.

Nani alikuja kwanza, saini au muhuri? Wengi hutazama mistari inapokatana, na hapo wanadanganyika, maana wino mweusi zaidi huonekana uko juu hata kama uko chini. Tazama nafasi. Mwandiko uliojibana kuukwepa muhuri umekuja baada yake.

Namba iliyoandikwa karibu na stempu huenda ni ya daftari la usajili la maktaba. Daftari likiwa bado lipo, litaonyesha kitabu kilipokelewa lini, na mara nyingi kilitoka kwa nani. Lakini, mama, kama hakuna muhuri wa kukiondoa maktaba, uliza kwanza kama si mali yao bado. Hilo halina mjadala.

Kwa jina la mtu, nenda kanisani. Mpwapwa, Kongwa na Mvumi zina historia ndefu ya CMS, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, na daftari la ubatizo huandika tarehe pamoja na majina ya wazazi. Tahajia itakuelekeza mlango wa kubisha: "Yohane" jaribu parokia ya Wakatoliki, "Yohana" anza na Waanglikana. Si kanuni, ni pa kuanzia. Jina la kwanza peke yake usilipeleke kokote, maana akina Yohana wa Ugogo hawahesabiki. Tafuta la baba au la kijiji. Peleka picha, kitabu kibaki nyumbani.

Selotepu usiitumie kwenye ukurasa wowote. Nitumie picha ya ukurasa wa mwisho wa kile kilichokatwa, na uweke rula pembeni yake.

Mzazi wako