Uchungu wa dona unaanzia mashineni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu unga imenishinda. Mliandika kwamba watu wa Iringa na Mbeya wameikimbia dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa sababu ni chungu na haikai muda mrefu. Mwandishi wenu aliwauliza wauza sembe madukani. Mashineni hakufika.

Dona iliyosagwa vizuri ina utamu wa mahindi. Kiini cha punje ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uzito wake, lakini kimebeba zaidi ya robo tatu ya mafuta yote ya hindi. Ukikoboa, kiini na ganda vinaondoka na pumba, ndiyo maana sembe inakaa miezi. Ukisaga dona, mafuta yale yanabaki kwenye unga, na yakikutana na joto na unyevu yanaharibika. Huo ndio uchungu watu wanaousema.

Kosa la kwanza ni mahindi mabichi. Kuanzia Juni, huku Mufindi na Njombe ukungu unashuka kila asubuhi, na watu wanasaga mahindi yaliyoanikwa siku mbili. Kuyang'ata kwa jino hakutoshi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri, ongeza mahindi mpaka nusu ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie dakika kumi. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Yarudishe juani, maana mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yafike 13.

Kosa la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi, kwenye mashine moja hapa Mafinga, mama mmoja alileta debe la mahindi safi, yamepepetwa na kuchambuliwa punje kwa punje. Fundi alitaka foleni ipungue, akayaachia mahindi yaingie kwa wingi, na nyundo za mashine yenyewe zimelika kingo, kwa hiyo zinaponda badala ya kukata. Unga ukatoka wa moto, huwezi kuukamata ukauacha kiganjani. Akaumimina hivyo hivyo kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba na kumkabidhi mwenyewe. Kabla mama hajalipa, nailoni ilikuwa inatoa jasho kwa ndani, matone yanateremka na kugandisha unga pembeni. Wiki ijayo uji utakuwa mchungu, mama atasema dona ndivyo ilivyo, na debe linalofuata atalikoboa. Katika gunia la kilo 100 ataondoka na sembe ya kilo 70 hivi, na zinazobaki, zenye kiini, nyuzinyuzi, madini ya chuma na zinki, zitaenda kwa kuku na nguruwe. Halafu tunashauriwa kununua sembe iliyoongezwa virutubishi kiwandani! Ni bora kuliko sembe tupu, nakubali, lakini nyuzinyuzi na mafuta ya kiini hayarudi.

Unga ukitoka mashineni utandazwe kivulini juu ya turubai safi, unene wa kidole, mpaka upoe kabisa. Ndipo uingie kwenye ndoo kavu au mfuko wa karatasi ngumu. Sagisha wa wiki mbili tu: watu watano wanaokula ugali mara moja kwa siku, nusu debe inawatosha. Wanaosema inakwaruza koo, waache uji uchemke dakika kumi kabla ya kuongeza unga wa kusongea, kwa sababu pumba inachelewa kunywa maji.

Dona pia haitaki mahindi mabovu, kwa kuwa ganda halitolewi. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au kutobolewa na wadudu itupwe, asipewe hata kuku. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara.

Na huo unga wa lishe mnaoutangaza kurasa za nyuma, wenye nafaka saba na soya na karanga ndani ya mfuko mmoja? Soya mbichi inazuia mwili kutumia protini. Lazima ichemshwe nusu saa, imenywe maganda, ikaushwe na kukaangwa kabla ya kusagwa. Karanga ikisagwa pamoja na nafaka inaharibu mfuko mzima kwa mafuta yake. Itwangwe siku hiyo hiyo na kutiwa kwenye uji unaochemka. Mtoto anatosheka na ulezi wa Ufipa, maharage na mnafu, dagaa wa Ziwa Nyasa na parachichi la Rungwe lililopondwa. Tunalisha nchi mahindi, na bado utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mimi siwezi kulizoea jambo hilo.

Naomba halmashauri zisitoe leseni ya mashine mpaka ziyaone haya kwa macho: turubai safi la mita mbili kwa tatu kwa ajili ya kupoozea unga wa dona tu, chupa ya chumvi mezani, na daftari lenye tarehe nyundo zilipobadilishwa. Nailoni ipigwe marufuku kwa unga wa moto. Nanyi, Mhariri, mtumeni mwandishi yule mashineni siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Aingize mkono kwenye unga.

Msomaji wenu,
Mafinga, Iringa