Nyonga ya bandia nayo inataka ukaguzi

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi mstaafu. Nimejenga juu ya miamba ya Mabatini na Igogo zaidi ya miaka 30. Mke wangu alipowekewa nyonga ya bandia, tukaambiwa chuma kimeshikizwa kwa saruji ndani ya mfupa wa paja. Nikatulia. Saruji si naijua?

Kumbe ile si ya mfuko. Ni akriliki, jamii moja na plastiki ya meno ya bandia. Daktari Mwingereza John Charnley ndiye aliyeieneza kwenye nyonga kuanzia miaka ya 1960. Wala si gundi. Hujaza nafasi na kung'ang'ania vitundu vya mfupa, kama lipu inavyoshika nguzo ya zege iliyogongwagongwa. Kila hatua huitikisa, na miaka ikienda hupata nyufa, au chuma kikaachana nayo. Halafu kuna mchwa: vumbi laini la plastiki linalosagika kwenye kiungo. Seli za ulinzi hulimeza, na katika vita hiyo mfupa unaoizunguka saruji huanza kuliwa. Msingi unaondoka, nyumba bado imesimama.

Zipo nyonga zinazopita miaka 20, sitaki kumtisha mtu. Ya mke wangu ilitulia miaka 12, akipanda ngazi zetu za mawe na ndoo ya dagaa kichwani. Mwaka wa 13 paja likaanza kumuuma kila akinyanyuka. Hatua tatu nne, kisha linapoa. Tukasema uzee, tukasema baridi ya ziwa, tukachua dawa. Picha ya eksirei ilipopigwa, mstari mweusi ulikuwa umeizunguka saruji, chuma kimezama na mguu umefupika. Upasuaji wa kurudia ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza: saruji kuukuu ilibidi ichokonolewe kwanza, na mfupa ulishakuwa mwembamba.

Hospitali iliyomfanyia ilituambia, "Akiumwa, mleteni." Lakini mfupa huliwa kimya kimya! Naomba kila mgonjwa aondoke na kadi yenye tarehe za kupigwa picha, hata kama haumwi. Mtu wa Ukerewe hawezi kupanda meli kwa kubahatisha. Apewe pia picha yake ya kwanza na aambiwe aitunze, maana daktari hulinganisha. Ya kwetu tuliitafuta nyumba nzima. Ilikuwa imeziba dirisha la banda la kuku.

Fundi mstaafu,
Mabatini, Mwanza