Mti wako bado umesimama?

Morogoro,
9 Novemba 2025

Shoga yangu,

Kamwene! Kamwene sana, wewe na nyumba nzima. Natumai mama anaendelea vizuri na kile kifua chake, na baridi ya huko haijambana kama mwaka jana. Sisi huku wazima. Joto tu ndilo linatutesa, mawingu yanajazana juu ya Uluguru kila jioni kisha yanaondoka zake. Mama Upendo kahamia kwake Kihonda, nyumba imekwisha bado jiko la uani, anakusalimu na anasema deni lako analikumbuka. Mengine nitakusimulia siku nyingine. Nina jambo limeninyima usingizi usiku wa pili huu.

Mti wako bado umesimama?

Ule wa bondeni, ng'ambo ya kijito, ule uliokata tawi mwezi wa pili ukampa kijana wa Mwalimu aniletee. Nakuuliza hili kabla ya yote kwa sababu mwezi wa tisa uliniandikia kwamba moto wa mashamba umepanda mpaka ukingoni mwa msitu, kwamba kamati nzima mmekesha mnauzima kwa matawi mabichi, na mimi nikakujibu "poleni sana", basi. Sikukuuliza moto umeunguza wapi. Sikuuliza hata kama wewe mwenyewe uliungua. Nisamehe kwa hilo, na lipo la pili la kunisamehe, nalikaribia.

Ijumaa nilikuwa natayarisha somo la uainishaji wa viumbe kwa kidato cha tatu, natafuta mfano wa nyumbani, maana nimechoka kuwafundisha watoto kwa mimea ya nchi ambazo hawatazifika. Nikakutana na habari ya Tessmannia princeps. Umeisikia? Ni mti wa huko huko kwenu Udzungwa, umepewa jina la kisayansi mwaka huu huu wa 2025. Si kijiti, shoga. Unafika mita 40, kichwa chake kinapita miti mingine yote, ndiyo sababu wakauita princeps, yaani mkuu, aliyetangulia. Kwenu mngesema Mtwa. Ni wa jamii ya mikunde, ndugu yake maharage unayopalilia. Mwaka 2019 mtaalamu wa mimea Andrea Bianchi, akiwa na wenzake wa huko huko, Aloyce na Ruben Mwakisoma, waliukuta katika misitu ya Boma la Mzinga na Uluti. Na hiyo ni misitu ya hifadhi ya vijiji, nasisitiza, siyo hifadhi ya taifa yenye geti na askari. Misitu kama huo mnaoulinda ninyi kwa fimbo na filimbi.

Sasa sikiliza umri wake. Walitazama ubao wa mti wa aina hiyo uliokufa wakahesabu duara 12 mpaka 15 ndani ya sentimita moja. Sentimita moja tu! Ikiwa kila duara ni mwaka, basi mti unanenepa kwa upana wa ukucha huku mtoto anazaliwa na kumaliza darasa la saba. Kwa hesabu hiyo wanakadiria ile mikubwa kabisa inaweza kufika miaka 3000. Nilikaa na kalamu mkononi. Siku Mkwawa alipowapiga Wajerumani pale Lugalo, 1891, mti huo ulikuwa mzee wa wazee. Kilwa haijajengwa, mti wenyewe upo. Na inakadiriwa ipo kama elfu moja tu, duniani kote, yote kwenye mabonde yenu hayo.

Nilifurahi mpaka nikamwita mwalimu wa jiografia aje asome. Halafu furaha ikanikatika, nikakumbuka kifurushi chako.

Sikukwambia ukweli mwezi wa tatu. Uliniuliza, "Umeutambua?" nikakujibu ni mti wa kawaida tu, wa jamii ya mstafeli, ipo mingi. Shoga yangu, sikuwa nimeufungua vizuri. Kijana alileta kiroba jioni, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikakiweka juu ya kabati. Nilipokuja kukifungua, zaidi ya wiki mbili baadaye, majani yameshika ukungu mweusi, na yale maua matatu uliyoyafunga kwenye jani la mgomba yamekuwa uji. Nikaona lile jani moja lililobaki zima, nikanusa gome, nikasema moyoni mstafeli. Nikatupa vyote. Kisha nikakujibu kama mtu aliyechunguza. Uliteremka bonde lile na mvua ya Februari, ukakata tawi kwa uangalifu, ukafunga maua moja moja, na mimi nikakudharau kwa sababu tu jambo limetoka kwako na si kwenye kitabu. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Na ulikuwa umeniambia kila kitu kilichohitajika! Nimeurudia ujumbe wako, bado ninao. Uliandika maua yanatoka kwenye shina lenyewe, chini, usawa wa kiuno, siyo kwenye matawi. Kwamba yana rangi ya maziwa yaliyoganda na petali nene kama ngozi, tatu nje na tatu ndani. Kwamba umeiona miti minne tu. Na kwamba Bibi hana jina lake. Hapo ndipo ningetakiwa kusimama. Bibi yako anajua jina la kila kinachoota kuanzia barabarani mpaka kileleni, anajua kipi cha tumbo na kipi cha jicho, halafu kuna mti hana jina lake, nami nasema ni wa kawaida?

Jamii ya mstafeli ni kweli, bado naamini hivyo, mambo ya tatu tatu na petali nene ni yake. Lakini jamii hiyo hiyo ndiyo imejaa maajabu katika milima yetu. Kuna Polyceratocarpus askhambryan-iringae, ulipatikana Udzungwa, na jina lake kama unavyoliona limebeba Iringa ndani yake. Kuna Mischogyne iddii, uliopewa jina mwaka 2019 kwa heshima ya Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa Amani kule Usambara. Kule Kameruni kuna mwingine wa jamii hii, Uvariopsis dicaprio, maua yake yanatoka shinani kama ya kwako, ulitajwa rasmi 2022 katika msitu wa Ebo, msitu ambao miaka miwili kabla ulinusurika kukatwa mbao. Yule mwigizaji wa Marekani, Leonardo DiCaprio, aliyepaza sauti kuutetea, ndiye ambaye mti ulipewa jina lake. Mimi ningependa wako ubebe jina la Bibi. Natangulia mbele ya safari, najua.

Unajua kwa nini ni huko kwenu, na siyo huku tambarare? Milima hii, kuanzia Taita kule Kenya, ikashuka Pare, Usambara, Nguru, Uluguru yangu hii, mpaka Udzungwa, imekuwa ikipokea unyevu wa Bahari ya Hindi tangu zamani mno. Nyakati nchi nyingine zilipokauka, misitu ya juu ilibaki na ukungu wake. Kila mlima ukawa kisiwa, na katika kila kisiwa mimea ikajiendea njia yake. Ua lile la African violet linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima lilitoka Usambara, Mjerumani alipeleka mbegu kwao mwaka 1892, na leo watu wanalipanda madirishani hawajui Tanga iko wapi. Lakini yale ya porini yenyewe yamebaki kidogo kidogo kwenye miamba yenye kivuli. Kivuli kikikatwa, yamekwisha.

Ndiyo maana neno "umegunduliwa" linanichoma kidogo. Unakumbuka habari ya kwale wa Udzungwa? Mwaka 1991 watafiti walikuwa kambini, wakaona ndani ya sufuria ya chakula miguu ya ndege wasiyoielewa. Ndege mgeni kwa sayansi, na walikuwa wameshamla! Wenyeji walikuwa wanamjua. Kinachokosekana si mtu wa kuona. Anayekosekana ni mtu wa kumsikiliza aliyeona, na mwezi wa tatu mtu huyo nilikuwa mimi.

Basi nakuomba, kama bado una moyo na mimi, tuanze upya. Maua uliyaona Februari, kwa hiyo tuanze kuvizia Januari. Nimempa dereva wa basi mzigo wako: magazeti ya zamani, maboksi yaliyokatwa, fremu mbili za mbao za kubania, chupa ya spiriti, daftari, na elfu ishirini ya yule kijana wa kukusindikiza. Usiende peke yako na mvua.

Kwanza mwenyekiti na kamati wajue, na iandikwe kwenye muhtasari. Msitu ni wa kijiji, na siku ikifika ya mtu kuuliza nani aliruhusu, karatasi iwepo. Kisha hesabu miti kabla ya kukata chochote, mikubwa kando na miche kando. Kama bado ni minne, kata tawi dogo moja tu, usiguse gome. Tandaza majani ndani ya gazeti, mengine uyageuze mgongo juu, maana mgongo wa jani una siri zake. Ua moja lipasue katikati, mengine yatumbukize kwenye spiriti. Tunda ukilipata, hata lililoanguka, ni dhahabu, kwa sababu ua bila tunda mara nyingi linaacha swali. Badilisha magazeti kila siku na ubane fremu, uiweke juu ya jiko la Bibi pale penye joto la moshi, siyo jua. Na usitie kwenye kiroba!

Kwenye daftari andika yale yatakayopotea mti ukikauka: rangi, harufu, urefu, wadudu uliowaona, ni umbali gani kutoka majini, na ile namba ya mahali inayotoka kwenye simu. Piga picha ya shina na ua, weka kiberiti pembeni tujue ukubwa. Jina lako liandike wewe mwenyewe kama mkusanyaji, na namba 1. Ukiweza, tengeneza karatasi tatu, ili moja iende Arusha kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, moja Chuo Kikuu Dar es Salaam, na moja ibaki kijijini kwenye ofisi. Mmea ukionekana kweli ni mpya, sampuli mojawapo ndiyo itakayokuwa kielelezo, mmea wenye jina hilo utalinganishwa nayo miaka yote ijayo. Unaona kwa nini lile tawi nililoliozesha linaniuma?

Usiutangaze kwenye kundi la simu la kijiji kwanza. Siyo kwamba nawashuku majirani, ila picha inakimbia, na miti minne haistahimili wageni wengi.

Na ukikuta si mpya? Huenda umeshatajwa miaka hamsini iliyopita na tawi lake limelala kwenye kabati mahali. Hata hivyo kujua kwamba uko na kwenu ni kitu kikubwa, na mimi nitakuwa nimekujibu safari hii kwa kuangalia kweli. Nilitaka nije mwenyewe Desemba shule zikifungwa, nauli nimeshaanza kuitenga, ila mtu mmoja wa Kilombero anasema barabara yenu mvua ikinyesha...

Haya, nijibu haraka. Moto uliishia upande gani wa kijito? Ile minne yote ipo, au kuna iliyoungua? Shina likiwa jeusi lakini juu majani mabichi, uniambie pia. Umewahi kuona kima au ndege akila tunda lake? Bibi amewahi kwenda hadi pale, au alionyeshwa tawi tu? Kama miguu yake inaruhusu, mpeleke, umwulize kama harufu ya lile ua haimkumbushi kitu. Barabara ya Kilolo sasa hivi basi linafika mpaka kwenu au linaishia njiani? Nije na nini, mbali na sukari ya mama? Na wewe, uliungua siku ile ya moto? Mkono? Mbona hukuniambia?

Na je, umenikasirikia? Niambie tu wazi, nitapokea.

Wako,
yule uliyelala naye dekani kitanda cha juu