Kwa Wanangu Mnaotafuta Maneno ya Kumwambia Mama

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaojijua kuwa si wanaume wala si wanawake, na ambao mmekaa na jambo hilo kifuani miezi mingi mkitafuta saa ya kulisema mbele ya mzazi. Mimi ni mama wa mmoja wenu. Aliniambia hapa Nakuru, jikoni, nikikatakata sukuma wiki, na sikumjibu vizuri.

Nilimwuliza kama alizaliwa huntha na mimi sikuona. Wengi wenu mtaulizwa hivyo. Mwaka 2019 sensa ya Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, watu 1,524, na kwa wazazi wengi neno hilo ndilo pekee tulilo nalo karibu. Msikasirike. Elezeni kwamba huntha ni habari ya mwili ambao mtu amezaliwa nao, na yenu ni habari ya jinsi mtu anavyojijua.

Kisha akaniomba nisimtaje kama mwanamke, kwa "she", ninapozungumza Kiingereza. Nikashangaa, maana nyumbani ni "amekuja", "amekula", "yuko wapi", maneno yasiyotenga mume na mke, na Kikuyu chetu ni vivyo hivyo. Mengi yenu mmeyasoma kwa Kiingereza, na mkimletea mzazi ombi la Kiingereza ataona mnamletea ugeni. Kaeni kwanza mjiulize ni wapi hasa panapouma katika lugha ya nyumbani kwenu. Mwanangu alikuwa akiumia akiitwa "dada" na "binti yangu", na akishonewa gauni la wasimamizi wa bibi harusi kila harusi ya ukoo. Hayo ningeyaelewa siku ile ile. "Mwanangu" lilikuwepo mdomoni mwangu tangu zamani, halina uke wala uume.

Jina ndilo lililonivunja. Kwetu binti wa pili huitwa kwa jina la mama ya mama yake, na huyu alibeba la mama yangu. Tangu akiwa mgongoni sikumwita jina, nilimwita "mama". Aliposema anataka jina jingine, nilisikia mama yangu akifukuzwa nyumbani kwangu, naye alikuwa amefariki miaka minne tu. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Mkiwa na jina la shosho au la guka, yaani la bibi au la babu, lizungumzieni hilo kabla ya mengine yote. Mwambieni mzazi mnamfanya nini yule mzee aliyewapa jina, maana huko ndiko moyo wake utakapokimbilia, hata kama mdomo unazungumza habari ya kanisa au ya majirani.

Atawaambia pia kwamba mtafungwa. Vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinahusu matendo ya mwili, havisemi lolote juu ya mtu kujijua. Lakini hofu ya mama haisomi vifungu. Amesikia ya sheria kali ya Uganda, amewaona vijana wakipigwa mtaani. Mwacheni aogope kidogo mbele yenu.

Na wewe ambaye karo, chakula na kitanda viko mikononi mwa baba unayemjua kuwa ana mkono mwepesi wa kupiga, usiseme bado. Kungoja si kudanganya. Tafuta kwanza shangazi au mtu mzima mmoja ambaye mlango wake utafunguka usiku, umwambie yeye, uache nguo kwake. Wala msiseme Krismasi mkiwa ushago, kule kijijini, na ukoo wote umekaa uani, mzazi atajibu kwa ajili ya watazamaji.

Mimi nilinyamaza miezi saba. Mwanangu aliendelea kunipigia simu kila Jumapili, akiuliza habari za ng'ombe na za goti langu, hakuligusa lile jambo. Siku moja nikamwuliza mwenyewe anataka aitwe nani. Akaniambia, kisha akasema, "La shosho liko kwenye kitambulisho, sijalitoa."

Aprili nilimwita kwa jina lake jipya mbele ya dada zangu. Mkubwa wetu akauliza, "Na mama yetu je?" Nikamwambia amwulize mwenyewe, yuko pale nje anachinja kuku.

Mama yenu,
Nakuru