Neon Wawili Hawatoshi: Samaki Wadogo wa Kundi na Vile Utawaingiza kwa Tanki

Kuna oda moja tunaipata sana hapa dukani kwetu kwa samaki wa mapambo, Kisumu. Nipee neon wawili, danio wawili, rasbora wawili na yule mweusi mmoja. Tunaelewa, kila mmoja anapendeza, lakini hiyo oda huwa tunaibishia, juu hao wote ni samaki wa kundi na samaki wa kundi akiwekwa wawili anaishi kwa woga siku nzima, anajificha nyuma ya filta, rangi inafifia, chakula hakuli vizuri, alafu baada ya wiki chache unarudi kutuambia ati tulikuuzia mgonjwa. Chukua sita wa aina moja, na hiyo ndiyo idadi ya chini kabisa, kumi ni afadhali. Danio hata wakiwa wachache wanakuwa wakorofi, wanakimbizana na kung'ata mapezi ya wengine, lakini wakijaa wanasumbuana wenyewe kwa wenyewe na wengine wanapumua.

Aina gani sasa inategemea unaishi wapi. Kisumu baridi si shida yetu, shida ni nyumba ya mabati saa nane mchana, maji yanapata moto, na maji moto hayabebi oksijeni ya kutosha kwa hivyo unaona samaki wote wako juu wanahema. Neon ni wa mito ya Amazon kule Peru, Kolombia na Brazil, na anafurahia nyuzi 21 hadi 26 hivi. Kadinali anafanana sana na neon, ila mstari wake mwekundu unatoka kichwani mpaka mkiani na wa neon unaanzia katikati, na yeye anavumilia joto zaidi, kwa hivyo kama nyumba yako inachoma tungekuambia ongeza pesa kidogo uchukue kadinali. Wateja wetu wa Nakuru na Kericho, nyinyi usiku wa Julai mnajua wenyewe: bila hita chukueni danio, huyo hata nyuzi 18 anaogelea tu. Tena maji ya borehole ya pande za Nakuru mengi yako na floraidi na alkali nyingi, na neon anapenda maji laini, kwa hivyo kinga maji ya mvua uchanganye.

Fulu, yule samaki mdogo wa Ziwa Victoria? Wengi huuliza kama wanaweza kumtoa ziwani wamchanganye na hawa. Ni mzuri, hatukatai, lakini neon akitoshea kwa mdomo wake ujue ameenda. Na omena ni samaki wa kundi kabisa, ila akitoka ziwani hakai, huyo mwachie sufuria.

Ukija kuchagua usiharakishe. Simama uangalie tanki yote, si samaki mmoja. Kama kuna mfu ndani, ama kuna wenye vidoadoa vyeupe kama chumvi, usinunue kutoka hiyo tanki hata tukikupunguzia. Mzuri amefungua mapezi, anafuata wenzake, tumbo halijaingia ndani. Mwambie muuzaji awape chakula ukiona, asiyekula dukani hatakula kwako. Na uliza walifika lini, juu waliofika jana bado wamechoka na safari.

Tanki yako iwe imekaa na filta ikizunguka mwezi hivi, ikiwa na kachakula kidogo kanachooza ndani, ndio bakteria wa kula amonia, ile sumu inayotoka kwa uchafu wa samaki, wapate kukua. Maji ya mfereji yana klorini, yaache kwa ndoo wazi siku nzima ama utie dawa ya kuitoa.

Kuwaingiza ndio watu huharibu. Kama umetoka hapa dukani ukaenda Kondele ama Mamboleo, zima taa, elesha ile karatasi ya plastiki tuliyokufungia samaki juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, ifungue, ongeza kikombe kidogo cha maji ya tanki kila dakika tano kwa nusu saa, kisha uwatoe na neti. Yale maji ya karatasi mwaga nje, usiyaingize kwa tanki.

Lakini kama wamesafiri usiku mzima kwa basi kutoka Nairobi, hiyo ya nusu saa sahau. Wakiwa wamefungiwa wanatoa amonia na kabondioksaidi, na hiyo kabondioksaidi inafanya maji kuwa na asidi kwa hivyo amonia haina makali. Ukifungua gesi inatoroka, asidi inashuka, na amonia ile ile inageuka sumu hapo hapo. Elesha ikiwa imefungwa mpaka joto lilingane, alafu fungua na uwahamishe mara moja.

Siku ya kwanza usiwape chakula, taa iache imezimwa mpaka kesho. Sisi tukikufungia tunaandika saa juu ya karatasi na maka, kwa hivyo ukifika nyumbani utajua ni njia gani utatumia.