Kipaji peke yake hakimtoshi mwigizaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba uigizaji ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na kwamba kuwakalisha vijana darasani wajifunze namna ya kusimama jukwaani ni kuwapotezea muda. Mimi ni mkazi wa Bagamoyo, mji ambao una chuo cha sanaa tangu 1981, kwa hiyo hoja hiyo inanigusa. Lakini nikitoa mifano ya hapa nyumbani nitaambiwa nawapigia debe majirani zangu. Nitamtumia Mjerumani, Conrad Ekhof, mwigizaji wa karne ya 18. Najua Wajerumani tunaowakumbuka huku pwani ni akina Wissmann waliokuja na mizinga, na hatuna sababu ya kuwasahau, ila huyu hakuwa wa kundi hilo.

Ekhof alizaliwa Hamburg mwaka 1720, mtoto wa askari wa mji, katika nyumba isiyo na uwezo. Alifanya kazi ya ukarani kabla ya kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza huko Lüneburg mwaka 1740, akiwa na kundi la Schönemann ambalo, kama makundi mengi ya wakati ule, lilihama mji hadi mji likitafuta watazamaji. Umbo halikumsaidia hata kidogo, kwani alikuwa mfupi na mabega yake yamepanda juu. Alichojaliwa ni sauti. Laiti angekutana na mtu anayechagua waigizaji kwa kuwatazama tu, nadhani angerudishwa kwenye ukarani wake siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo ningependa mwenzangu alizingatie ni lile alilolifanya Ekhof katika mji wa Schwerin mwaka 1753. Akiwa angali mwigizaji wa kuajiriwa, aliwashawishi wenzake waanzishe chuo chao wenyewe ndani ya kundi, wakutane kila baada ya wiki mbili, wasome tamthilia nzima badala ya kila mtu kukariri maneno yake peke yake, wachambue wahusika, kisha wazungumzie wajibu wao jukwaani na nje ya jukwaa. Aliwaambia kwamba uigizaji nao una sarufi yake, na kwamba ni lazima waisome. Chuo hicho hakikudumu. Kilikufa baada ya mwaka mmoja hivi, kwa kuwa wenzake hawakuwa na hamu hiyo aliyokuwa nayo yeye. Hata hivyo Wajerumani humwita baba wa uigizaji wao, na sidhani jina hilo alilipata kwa sauti peke yake.

Matunda ya kusoma huko yalionekana. Hamburg ilipofungua ukumbi wake wa taifa mwaka 1767, kwa fedha za wafanyabiashara wa mji, Ekhof ndiye aliyekuwa nguzo yake. Lessing, mwandishi wa tamthilia aliyeajiriwa pale kuandika uchambuzi wa maonyesho, alisema kwamba hata katika nafasi ndogo kabisa mtu huyu alitambulika kuwa ndiye mwigizaji wa kwanza. Baadaye aliigiza Odoardo, baba mzazi katika tamthilia ya Lessing mwenyewe, Emilia Galotti. Inasimuliwa kwamba wakati mwanamke mmoja akimweleza baba huyo mambo machungu, Ekhof hakupiga kelele wala kurusha mikono. Alishika kofia yake na kuanza kunyofoa manyoya yaliyoipamba, huku akisikiliza. Waigizaji wengine walikuja kumwiga. Kitendo cha namna hiyo hukipati usipoisoma tamthilia mara nyingi ukamjua mzee yule kwa ndani.

Ukumbi wa Hamburg ulifungwa mwaka 1769. Ekhof alikwenda Weimar, na huko kasri lililokuwa na jukwaa likaungua mwaka 1774, msiba ambao sisi tulioshuhudia ukumbi wa chuo chetu ukiteketea mwaka 2002 hatuhitaji kuelezwa. Kundi alilokuwa nalo huko likahamia Gotha, na mwaka 1775 mtawala wa huko akafungua, kwenye jukwaa la kale la kasri lake, ukumbi wenye waigizaji wa kudumu wanaolipwa mshahara, Ekhof akiwa mmoja wa wakurugenzi wake. Jukwaa hilo lipo hadi leo, lina jina lake, na mitambo yake ya mbao ya karne ya 17 bado inafanya kazi. Chini ya sakafu watu huzungusha gogo kubwa, kamba zote zikavutwa kwa pamoja, msitu ukaondoka na sebule ikaingia mbele ya macho ya watazamaji. Nahodha yeyote wa jahazi wa hapa Bagamoyo angeuelewa mtambo huo upesi, maana ni kamba na roda tupu.

Hapo Gotha ndipo alipolelewa kijana August Wilhelm Iffland, ambaye mwaka 1782 aliigiza Franz Moor, mhusika mwovu, katika onyesho la kwanza la Die Räuber (Wanyang'anyi), tamthilia ya mwandishi Mjerumani Schiller, mjini Mannheim, na baadaye akaongoza ukumbi wa taifa wa Berlin. Iffland alikuwa na kipaji, sibishi. Lakini alikikuza chini ya mzee aliyekwisha kutafuta njia kwa miaka karibu arobaini. Ekhof alipigania pia mfuko wa kuwatunza waigizaji wazee, akafariki mwaka 1778 bila kuuona ukisimama.

Suala la mfuko nawaachia wenye mamlaka na wenye fedha. Lile la Schwerin halihitaji mfadhili: linahitaji chumba, nakala za tamthilia na jioni moja kila baada ya wiki mbili. Napendekeza vikundi vya hapa Bagamoyo vianze hivyo mapema kabla ya tamasha lijalo, na mwandishi wa barua ile akaribishwe kwenye kikao cha kwanza, asome nafasi yoyote atakayoichagua.

Wako,
Mpenzi wa sanaa za maonyesho,
Bagamoyo